Kabla hujamfuata nyota: jibu kwa mkufunzi wa jimu anayetaka kufundisha wanamichezo wakubwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nina cheti cha ukufunzi wa mazoezi na nimefanya kazi jimu kwa miaka minne. Wateja wangu wengi ni watu wa ofisini wanaotaka kupunguza tumbo. Ndoto yangu ni kuwa mkufunzi binafsi wa wanamichezo wakubwa. Nisome nini zaidi, nianzie wapi, na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Tena kuna mchezaji mmoja wa daraja la pili ameniomba nimfundishe bure, naye atanitangaza kwa wenzake. Nikubali?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na huyo mchezaji, kwa kuwa yeye anasubiri jibu na mengine yanaweza kungoja kidogo. Mkubalie, lakini sahau habari ya kutangazwa. Faida yako ni nyingine: kwa mara ya kwanza utakuwa na mtu mwenye mechi mwisho wa wiki, mwenye kocha anayemdai mbio, na mwenye nyonga inayomuuma ambayo hataki kuisema. Wateja wako wa sasa hawawezi kukufundisha hayo. Wekeni mipaka kwenye karatasi: wiki nane, vipindi viwili kwa wiki, na mtakachopima siku ya kwanza na siku ya mwisho. Benchi la ufundi la klabu yake lijue kwamba anafanya mazoezi nawe. Wiki nane zikiisha aanze kulipa, hata kama ni kidogo. Asiyelipa chochote huruka kipindi bila kusita, na ukishazoeleka kuwa wa bure, hao wenzake nao watakuja kwa bei hiyohiyo.

Sasa kazi yenyewe. Mteja wako wa ofisini ana nafasi kubwa ya kupanda. Mpe mpango wowote wenye akili, ale vizuri, alale, na baada ya miezi mitatu atakuwa mtu mwingine na wewe utaonekana fundi. Mwanamichezo wa juu alishayapata mafanikio hayo ya haraka zamani, akiwa bado kijana mdogo. Kilichobaki kwake ni chembe. Kwenye fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris 2024, Noah Lyles na Kishane Thompson wote waliandikiwa sekunde 9.79. Ilibidi muda ugawanywe hadi sehemu ya elfu ndipo Lyles akapewa dhahabu: 9.784 dhidi ya 9.789. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi ya mkufunzi ni kuisaka hiyo 0.005. Mimi nadhani kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha mtu wake amefika kwenye mstari wa kuanzia akiwa mzima. Ukinipa mkufunzi nimpime, sitauliza mwanamichezo wake ananyanyua kilo ngapi. Nitauliza ni siku ngapi za msimu alikuwa tayari kufanya mazoezi na kushindana.

Historia ya fani hii inaanza na hoja hiyohiyo. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, kilimwajiri kijana aitwaye Boyd Epley, mruka kwa upondo aliyeumia mgongo na aliyekuwa akishinda kwenye chumba cha vyuma. Wakufunzi wa timu ya mpira wa Kimarekani waliona kwamba wachezaji majeruhi waliokuwa wakijifua naye walirudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka. Wakati huo makocha wengi waliamini vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito, kwa hiyo kocha mkuu, Bob Devaney, alimpa kazi kwa onyo: akipungua mbio mchezaji hata mmoja, umefukuzwa. Epley ndiye aliyekuja kuanzisha NSCA, chama cha kitaaluma cha wakufunzi wa nguvu na viungo, mwaka 1978. Onyo la Devaney lingefaa kubandikwa kwenye kila chumba cha mazoezi. Mzigo unaomwongezea mtu nguvu lakini ukampunguzia mchezo wake ni hasara, hata kama video yake inapendeza.

Hapo ndipo wakufunzi wengi wanaotoka jimu hukwama. Wamezoea kwamba mteja asipotoka ameloa jasho na miguu ikitetemeka, ataona hela yake imepotea. Kumchosha mtu hakuhitaji elimu. Mwambie aruke juu ya boksi hadi atapike. Elimu inahitajika kujua kwamba leo, siku mbili kabla ya mechi, anahitaji dakika 25 tu: kupasha mwili, seti chache nzito za kuchuchumaa na chuma begani, miruko michache ya nguvu, basi, aende nyumbani. Atakutazama kama vile umempunja. Itakubidi uzoee macho hayo.

Kipindi cha kawaida huanza kabla hajagusa chuma. Nauliza amelala saa ngapi, wapi panauma, jana kocha aliwafanyisha nini. Halafu anaruka juu mara tatu, mikono kiunoni, nikipima urefu wa mruko. Ukiwa na kumbukumbu zake za miezi kadhaa, mruko uliopungua kuliko kawaida yake unakwambia mwili haujarudi, hata kama mdomo wake unasema yuko sawa. Baada ya kipindi namwomba anipe alama ya ugumu, sifuri hadi 10, kisha nazidisha na dakika. Dakika 60 kwa ugumu wa 7 ni mzigo wa 420. Njia hii ilienezwa na mwanasayansi Carl Foster, nayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya daftari. Jumlisha mizigo ya wiki, pamoja na mazoezi ya timu na mechi, utaona wiki zilizopanda ghafla. Wiki za namna hiyo ndizo ninazozichunga kuliko zote, hasa mchezaji anapotoka likizo au majeruhi na ana haraka ya kurudi.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Vijana wengi hudhani nyota wana siri fulani. Ukiingia kwenye chumba chao utakuta kuchuchumaa, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kuvuta, kusukuma, kuruka, kukimbia kwa kasi kamili, na kazi nyingi ya kiuno na tumbo. Tofauti iko kwenye nini, kwa nani, wiki gani. Chukua misuli ya nyuma ya paja, inayowasumbua wakimbiaji wa mbio fupi na wachezaji wa mpira wa miguu kuliko karibu misuli yote. Kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukajishusha mbele taratibu ukizuia anguko. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba timu zinazolifanya kwa uaminifu hupunguza majeraha hayo kwa takriban nusu. Ni zoezi la bure. Timu nyingi bado hazilifanyi, kwa sababu linachosha misuli siku za mwanzo na wachezaji hulalamika. Mkufunzi mwenye akili huliingiza kidogo kidogo, kwa marudio machache, mbali na siku ya mechi, hadi malalamiko yaishe.

Lingine utakalolihitaji mapema ni namna ya kupunguza mzigo kabla ya shindano kubwa. Kinachokubalika kwa wengi ni kupunguza wingi wa kazi kwa kiasi cha nusu hivi, ndani ya wiki mbili za mwisho, huku ukali ukibaki palepale. Yaani akimbie mara chache, lakini akikimbia akimbie kweli. Wanaoanza hufanya kinyume: wanampa mazoezi mengi mepesi, naye anafika siku ya shindano akiwa mzito na mwenye usingizi.

Nisome nini? Cheti chako kimekufundisha kuhudumia watu wenye afya ya kawaida, na hakuna aibu katika hilo. Kwa huku juu utahitaji fiziolojia ya mazoezi, anatomia ambayo unaweza kuieleza bila kutazama picha, mekanika ya mwili, na upangaji wa msimu. Shahada ya sayansi ya michezo hukupa yote kwa pamoja, na milango ya klabu na mashirikisho mara nyingi haifunguki bila shahada. Cheti cha CSCS cha NSCA, ambacho kinatambulika katika nchi nyingi, hudai shahada ya kwanza na mafunzo ya huduma ya kwanza ya moyo, kisha mtihani wenye sehemu mbili: ya sayansi na ya vitendo. Uingereza na Australia zina vyama vyao, UKSCA na ASCA. Kama huna shahada na una nia ya kweli, tafuta namna ya kuisoma huku ukifanya kazi; usinunue vyeti vitano vya mwisho wa wiki ukidhani vikiwekwa pamoja vitatosha.

Pamoja na hayo, chagua mchezo mmoja uujue hadi ndani. Kaa uwanjani. Jua mlinda mlango anaruka mara ngapi na beki wa pembeni anarudi nyuma kwa namna gani. Kocha wa mchezo akiongea, uelewe bila kutafsiriwa.

Wengi huniuliza kama ni lazima uwe umewahi kuwa mwanamichezo mkubwa. Si lazima. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia shuleni, hana usuli wowote wa riadha. David Rudisha alikuwa mwanafunzi wake wa mbio alipokimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012, rekodi ya dunia. O'Connell ni kocha wa mbio, si mkufunzi wa viungo, lakini somo lake linatuhusu: alitazama kwa makini, kwa miaka mingi, watu walewale. Na kutazama mtu mmoja ndio msingi wa kazi binafsi. Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na mwanzoni mwa safari yake alikuwa akiumia misuli ya paja mara kwa mara. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuimarisha mgongo na tumbo ili mwili ustahimili kasi ile. Nakili programu yake umpe mtu mwingine mwenye mgongo mnyoofu, uone kama kuna maana.

Nianzie wapi? Si kwa nyota. Nyota huletwa na watu wanaomzunguka, na watu hao hawakujui. Anza na vijana wa akademi, wachezaji wa madaraja ya chini, na hasa wanaotoka majeruhi. Kati ya siku ambayo mtaalamu wa tiba ya viungo anasema "umepona" na siku ambayo kocha anasema "uko tayari" kuna pengo la wiki kadhaa ambalo mara nyingi halina mwenyewe. Mkufunzi anayelijaza vizuri pengo hilo hapati shida ya kutafuta kazi. Nenda kwa wataalamu wa tiba ya viungo, waombe ukae pembeni uone wanavyofanya, uliza maswali, na mgonjwa wao akirudi kwako wapelekee ripoti fupi bila kuombwa.

Tim Grover, aliyemfundisha nyota wa mpira wa kikapu Michael Jordan kwa miaka mingi kuanzia 1989, husimulia kwamba aliwaandikia barua wachezaji wa Chicago Bulls wote isipokuwa Jordan, akiamini nyota huyo hatamhitaji mtu kama yeye. Jordan akaiona barua kwa mwenzake. Alikuwa amechoka kupigwa vikumbo na mabeki wa Detroit Pistons, akataka mwili wa kuhimili. Ukiitazama vizuri hadithi hiyo, bahati ni sehemu ndogo. Grover alikuwa na jibu la tatizo moja linalojulikana, kwa wakati ambao mtu alikuwa nalo. Wewe nawe ukiulizwa unatatua nini, usiseme "fitinesi". Sema kwa mfano: "Nawarudisha wachezaji baada ya upasuaji wa goti."

Ukishapata mwanamichezo, utagundua kwamba si wako peke yako. Ana kocha, daktari wa klabu, mtaalamu wa lishe, wakala, mzazi, mwenza, na pengine rafiki wa utotoni anayejua kila kitu. Ugomvi mkubwa wa fani hii uko kati ya mkufunzi binafsi na klabu. Klabu imempangia mchezaji siku nyepesi Jumanne. Wewe hujui, unamfanyisha miguu mizito. Jumatano anavuta paja mazoezini. Nani wa kulaumiwa? Wewe, na haki yao. Kwa hiyo kabla ya kipindi cha kwanza mwombe mchezaji ruhusa ya kuwasiliana na kocha wa viungo wa klabu, mtumie programu yako, muulize ratiba ya wiki. Wengine watakupuuza, wengine watakujibu kwa dharau. Endelea kutuma. Kama mchezaji mwenyewe anataka muifanye kazi kwa siri, ukatae. Najua inauma kukataa jina kubwa, lakini kazi ya siri siku ikiharibika hakuna atakayekutetea, hata huyo mchezaji.

Na ukubali kwamba kocha wa mchezo ndiye mwenye neno la mwisho. Ukiona anakosea, mwambie faraghani na kwa takwimu. Ukimsema vibaya mbele ya mchezaji umemwekea kijana wa watu mabwana wawili.

Kuhusu dawa zilizopigwa marufuku, sitazunguka. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, mkufunzi ni sehemu ya "wasaidizi wa mwanamichezo" na ana makosa yake mwenyewe: kukutwa nazo bila sababu halali, kumpa mtu, kusaidia kuficha. Adhabu ya kumpa mwanamichezo dawa huanzia miaka minne hadi kufungiwa maisha, na ukiwa umefungiwa, mwanamichezo anayeendelea kufanya kazi nawe naye anajiingiza hatiani. Lakini hatari inayowakuta watu waaminifu ni uzembe. Machi 2024 Jannik Sinner, mchezaji tenisi wa Italia, alikutwa mara mbili na chembe za klostebol, steroidi iliyopigwa marufuku. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba mkufunzi wake wa viungo alikuwa amenunua dawa ya kupuliza kidonda inayouzwa wazi nchini Italia. Mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyejikata kidole, akaitumia, kisha akamkanda Sinner bila glavu. Agosti 2024 Sinner akatangaza kuachana na wote wawili, na Februari 2025 akakubali kufungiwa miezi mitatu. Mkufunzi alirudishwa kazini katikati ya 2025, lakini fikiria mwaka aliopitia.

Basi soma kila kibandiko, hata cha mafuta ya kuchua yaliyo kwenye begi lako mwenyewe. Usiuze virutubisho. Usipendekeze kirutubisho ambacho toleo lake halijapimwa na maabara huru, kwa kuwa mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, iwe alijua au hakujua. WADA wana jukwaa la mafunzo mtandaoni liitwalo ADEL, ni bure. Limalize kabla hujakutana na yule mchezaji wako wa daraja la pili.

Siri nayo. Taarifa kwamba goti la mchezaji limevimba ni fedha. Inabadilisha dau la kamari, inabadilisha bei ya uhamisho, inabadilisha mpango wa mpinzani. Katika tenisi, wasaidizi wa mchezaji hawaruhusiwi kubeti mchezo huo wala kutoa taarifa za ndani, na michezo mingine mingi ina kanuni za aina hiyo. Kwa hiyo picha ya mchezaji akiwa na barafu gotini, uliyoiweka mtandaoni ili ujitangaze, inaweza kukufukuzisha kazi siku hiyohiyo. Omba ruhusa kwa kila picha. Wengi wa wakufunzi bora ninaowajua, huwezi kuwajua kwa kuwatafuta mtandaoni.

Inalipa? Inaweza, lakini kwa kupanda na kushuka. Kuna malipo kwa kipindi, ambayo hukatika mchezaji anaposafiri. Kuna malipo ya mwezi ya kukuweka tayari, ambayo ndiyo ninayopendelea. Kuna kambi za mapumziko ya msimu, wiki chache za kazi nyingi na pesa nzuri. Katika michezo ya mtu mmoja wapo wanaolipwa pia sehemu ya zawadi za ushindi. Tamu mwaka wa mafanikio, chungu mwaka wa majeruhi, na mbaya zaidi inakupa sababu ya kutaka mgonjwa acheze. Mimi siipendi. Ajira ya klabu ina mshahara wa uhakika hadi kocha mkuu anapofukuzwa, kwani mara nyingi anayekuja huja na watu wake.

Kwa hiyo usiache jimu sasa. Wale watu wa ofisini ndio watakaolipa kodi yako huku ukijenga jina, na nakushauri mapato kutoka kwa mwanamichezo mmoja yasizidi theluthi ya mapato yako kwa miaka ya mwanzo. Pata bima ya dhima ya kitaaluma. Mkataba uandike nani analipa tiketi na hoteli, notisi ya kuachana ni ya muda gani, na nini kinatokea akiumia. Ukianza kusafiri naye, ujue sehemu kubwa ya siku itakuwa ya kungoja: uwanja wa ndege, basi, kipimo cha dawa kinachochelewa kwa sababu mtu hawezi kukojoa. Vyumba vya mazoezi vya hoteli vina vyuma vichache na mashine ya kukimbilia iliyoharibika. Mkufunzi wa safari hubeba mikanda ya mpira na akili ya kubuni. Kama una familia, lizungumzeni hilo kabla hujasaini.

Na wataachana nawe. Matokeo yakishuka, mwanamichezo hawezi kujifukuza mwenyewe, hivyo humwondoa mtu wa pembeni, na mara nyingi mtu huyo ni mkufunzi. Utapigiwa simu na wakala, si na yeye. Siku hiyo usibishane kwa simu wala kuandika chochote mtandaoni. Dai malipo yako ya notisi kwa maandishi, kisha ndani ya wiki hiyo mpe mwanamichezo nakala ya faili lake lote: vipimo, mizigo ya kila wiki, historia ya majeraha na programu ya mwisho mliyokuwa mkiifanya, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo kwa mkufunzi anayekuja, ukitaja zoezi ambalo nyonga yake haikubali na mzigo alioishia. Mkufunzi huyo akikupigia kuuliza, pokea.